Zege Sawasawa, Ngazi Mbovu: Kisa cha Nyumba ya Goba

Ukuta wa ngazi ile ulikuwa na madoa mawili. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi miezi saba tu iliyopita, nyeupe ya maziwa, na ukuta mzima ulikuwa safi isipokuwa mahali pawili: ubavuni mwa kidato cha pili kutoka chini, na ubavuni mwa kidato cha mwisho kabisa huko juu. Hapo palikuwa na weusi wa viganja, vikubwa kwa vidogo, kimoja cha mtoto usawa wa kiuno changu. Niliyaona kabla sijatoa futi ya kupimia mfukoni. Mtu hashiki ukuta wa nyumba yake ovyo. Anaushika pale mwili unapomponyoka.

Nilikuwa nimeitwa Goba, pembeni ya Dar es Salaam, kwa sababu ya vigae. Ndivyo mama mwenye nyumba alivyonieleza kwenye simu: "Kaka, njoo uzitazame hizi granaiti za ngazi, zinateleza. Mama mkwe ameanguka, kavunjika mkono." Alitaka nimwambie kama kuna dawa ya kupaka juu ya jiwe ili lisiteleze, au wazing'oe waweke zulia.

Bibi mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa POP kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Nikamwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, kisha akaniuliza nimekuja kuitazama ngazi au kumtazama yeye. Nikamwambia ngazi. Akaonekana kupumua. Wiki nzima kila aliyekuja kumpa pole alimtazama miguuni kwanza, kwenye kandambili, halafu machoni. Wajukuu walikuwa wanasema bibi sasa amezeeka, ahamishiwe chumba cha chini. "Wanasema macho yangu," akaniambia. "Uzi kwenye sindano natunga mwenyewe. Mimi niliinua mguu kama siku zote. Ngazi ndiyo iliyokuja juu."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nisiguse granaiti kabisa. Mtu aliyeteleza husema mguu ulikwenda. Bibi alisema ngazi ilikuja. Tena alianguka akipanda, kwenye kidato cha 18, ameshika sinia. Akaenda mbele, akajikinga kwa mkono. Anayeteleza kwenye jiwe laini mara nyingi huwa anashuka, na huanguka kwa nyuma, akakalia kidato. Huku kulikuwa kujikwaa.

Kabla sijaendelea lazima niseme jambo moja, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Boma la nyumba ile, yaani kuta na zege kabla ya kumalizia, nililisimamia mimi. Ngazi ile ilifungwa mbao, ikasukwa nondo na kumwagwa zege mbele ya macho yangu. Fedha zikakata, boma likakaa zaidi ya mwaka, na waliporudi kwenye kumalizia walichukua mafundi wengine: wa floo (saruji ya kusawazisha sakafu), wa vigae, wa granaiti, wa reli ya ngazi. Sikuwahi kurudi hadi siku hiyo nilipoitwa.

Nikaanza kupima. Kimo cha kidato hakipimwi kwa kusimamisha futi kwenye uso wa kidato na kusoma namba, kwa sababu jiwe la juu likilala kidogo mbele au nyuma utadanganyika. Unalaza pima maji juu ya kidato cha juu, ncha yake inatokeza hewani, unahakikisha tone liko katikati, kisha unapima kutoka chini ya pima maji hadi kwenye uso wa kidato cha chini, pale pale kwenye ncha ambapo mguu unakanyaga. Mtoto wa nyumba, wa darasa la nne hivi, akawa ananishikia chaki na kuandika kila namba niliyosoma kwenye uso wa kidato chake.

Kidato cha kwanza: milimita 122. Cha pili 172. Cha tatu 172. Cha nne, cha tano, cha sita, cha saba, cha nane, vyote 172. Cha tisa, kinachoingia kwenye landingi, ile sakafu ndogo ya katikati ya ngazi: 186. Cha 10, kinachotoka kwenye landingi: 158. Halafu tena saba mfululizo, 172 bila kukosea. Na cha 18, cha kumfikisha mtu ghorofani: 186.

Mtoto akasoma namba zake kutoka chini hadi juu kwa sauti, na alipofika mwisho akasema, "Mjomba, hizi nne zimekosewa." Alikuwa sahihi. Kilichonikosesha amani ni zile 14 nyingine. Fundi anayebahatisha hawezi kutoa 172 mara 14. Hiyo ni kazi ya mtu makini. Mbao zilipimwa vizuri, zege lilikaa vizuri, fundi granaiti naye hakupoteza hata milimita. Ngazi mbovu ikatoka mikononi mwa watu ambao kila mmoja alifanya kazi safi.

Pengine msomaji atasema milimita 14 ni nini? Ni unene wa kidole. Sasa fikiria mguu unavyopanda. Vidato viwili vitatu vya mwanzo unavipanda kwa kuangalia, ukishavimaliza mwili umeshakariri, na kuanzia hapo macho yanakwenda kwingine: kwenye sinia, kwenye mtoto, kwenye simu. Mguu unainuliwa kiasi kile kile kilichokaririwa na kuongezewa upenyo mdogo tu juu ya ncha ya kidato, kwa sababu mwili haupendi kutumia nguvu bure. Upenyo huo ukiliwa, kidole gumba kinagonga jiwe. New York waliwahi kuliona hili hadharani. Mwaka 2012 mtu mmoja alitega kamera kwenye ngazi ya kutokea kituo cha treni cha 36th Street, Brooklyn, ambako kidato kimoja kilikuwa kirefu kuliko wenzake kwa takriban nusu inchi. Abiria mmoja baada ya mwingine wakajikwaa pale pale: vijana, wazee, na baba aliyebeba mtoto. Video ilipozagaa, ngazi ikafungwa na kurekebishwa. Kwa miaka yote kabla ya hapo, bila shaka kila aliyejikwaa aliondoka akilaumu viatu vyake.

Ndiyo maana kanuni za ujenzi zinazotumika sana Marekani haziishii kwenye kuweka kimo cha juu kabisa, ambacho kwa majengo ya umma ni inchi 7, yaani kama milimita 178. Zinasema pia kwamba katika mpando mmoja, yaani kipande cha ngazi kati ya sakafu na landingi, kidato kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote visipishane zaidi ya robo tatu ya nusu inchi, milimita 9.5. Goba mpando wa kwanza ulipishana milimita 64, na wa pili 28. Uingereza, kwa nyumba ya kuishi, wanaruhusu kidato hadi milimita 220, kirefu kweli kweli, lakini nao wanataka vyote vilingane. Ngazi kali mtu huizoea. Nimepanda ngazi za nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, ambazo magoti yanakaribia kidevu, na wenyeji wanapanda na ndoo ya maji bila kutazama chini. Ngazi isiyolingana ndiyo isiyozoeleka, hata na wanaolala humo kila siku. Ukuta wa Goba ulikuwa shahidi: miezi saba, na bado walikuwa wanaushika.

Madoa nayo yakasomeka sasa. Mtu anayepanda anaanza na kidato cha 122, chepesi kama cha mtoto, mwili unaandika "hivi ndivyo zilivyo", na cha pili kinamjia kikiwa kirefu zaidi kwa sentimita 5 nzima. Hapo ndipo doa la kwanza. Anayeshuka naye anatarajia 172 mara ya mwisho, sakafu inampiga unyayo kabla ya wakati, kishindo kinapanda hadi mgongoni. Doa la juu ni la kidato cha 18. Kwenye landingi ukuta ulikuwa safi ingawa cha tisa nacho kina 186, na nilijiuliza kwa nini, hadi nilipoona nguzo ya reli imesimama pale pale kwenye kona. Rangi yake ilikuwa imechubuka hadi chuma kinaonekana.

Sasa hizo milimita zilitoka wapi? Nikairudia ramani jioni ile nyumbani, naichambua namba moja moja.

Mchora ramani aliandika urefu wa sakafu hadi sakafu milimita 3060, vidato 18, kila kimoja 170, upana wa kukanyagia 280. Hesabu nzuri. Kuna kanuni ya zamani ya Mfaransa François Blondel, mbunifu wa karne ya 17, kwamba ukijumlisha vimo viwili na upana mmoja upate hatua moja ya mtu. Yeye alipata kama sentimita 65 za leo, na siku hizi tunakubali kati ya 60 na 64. Mara mbili 170 ni 340, ongeza 280, unapata 620. Ngazi ya kupanda bila kuhema. Kwenye karatasi bibi alikuwa salama.

Lakini ile 3060 ilikuwa ya sakafu zilizokwisha kumaliziwa: juu ya kigae cha chini hadi juu ya kigae cha ghorofani. Siku ya kufunga mbao hakuna kigae. Kuna jamvi chini, yaani zege la sakafu ya chini, na slabu juu, zege la sakafu ya ghorofani, vyote vitupu. Chini tuliacha nafasi ya milimita 80, kwa sababu mabomba ya maji na ya nyaya yalipitishwa juu ya jamvi na ilibidi floo iyafunike: floo 65, gundi 5, kigae 10. Ghorofani hakuna mabomba sakafuni, kwa hiyo nafasi ilikuwa 44. Toka zege hadi zege, basi, palikuwa 3060 ongeza 80 toa 44: milimita 3096.

Fundi mbao wetu, mzee mmoja ambaye nimejifunza kwake mengi, akavuta futi kutoka kwenye jamvi hadi kwenye slabu. Akasoma 3096. Akaitazama ramani: vidato 18. Akagawanya, akapata 172 kamili, bila hata nusu kubaki. Nakumbuka alivyofurahi namba ilipotoka nzima. Akachora ngazi yote ukutani kwa penseli na uzi, kidato kwa kidato, nami nikapita na pima maji nikampongeza. Nilitazama kama vinalingana, vilikuwa vinalingana, nikasema endelea. Swali ambalo nilipaswa kuuliza ni moja tu: vitalingana lini?

Kwa sababu floo ilipokuja ilipandisha sakafu ya chini kwa 80. Granaiti ya vidato ilipandisha kila kidato kwa 30 tu, jiwe 20 na udongo wa saruji 10. Kidato cha kwanza kikamezwa: 172 ongeza 30 toa 80, kikabaki 122. Landingi na ghorofani vikapandishwa kwa 44 huku kidato kilicho chini yake kimepanda 30, tofauti ya 14 ikaingia kwenye kimo: 186. Na cha kutoka landingi kikapoteza hizo hizo 14: 158. Vile vya katikati, ambavyo juu na chini yake kuna granaiti ile ile, havikuguswa. Ndiyo maana 14 vilibaki vimenyooka kama ngoma ya jeshi na vinne vikaharibika, na vinne hivyo ndivyo vinavyopakana na sakafu.

Sasa nifikie lililo moyo wa kisa hiki, ambalo tangu siku ile nimelieleza kwa kila fundi anayekubali kunisikiliza. Ili ngazi ya Goba itoke na vidato vya 170 vyote 18, zege lilitakiwa limwagwe hivi: kidato cha kwanza milimita 220, cha tisa 156, cha 10 184, cha 18 156, na vingine vyote 170. Jumlisha, utapata 3096 ile ile. Piga picha akilini ya ngazi hiyo boma likiwa tupu. Kidato cha kwanza kirefu kama benchi, cha mwisho kifupi. Mwenye nyumba akipita Jumapili na ndugu zake atauliza huyu fundi amesomea wapi. Msimamizi asiyejua atasema bomoa. Zege sahihi la ngazi linaonekana bovu, na zege letu, ambalo kila aliyelitazama alilisifu, ndilo lililokuwa bovu.

Wengi wakisikia hivi huuliza kosa ni la nani, wakitarajia jina moja. Nimeligeuza sana. Mchora ramani aliandika kimo cha mwisho, hakuandika unene wa floo wala wa jiwe, kwa sababu wakati anachora mwenye nyumba hakuwa ameamua. Injinia alichora zege na nondo, kwake kumalizia si nguvu ya jengo. Fundi bomba alipitisha bomba palipokuwa rahisi. Mzee aligawanya alichopima. Fundi floo alifunika mabomba. Fundi granaiti alikuta vidato vinalingana akaweka jiwe linalolingana. Mtu pekee aliyekuwa amesimama mahali pa kuona vyote kwa pamoja, siku ile ya penseli na uzi, ni mimi. Nilijua kuna nafasi ya 80 chini na 44 juu, maana nilisimamia zote mbili. Sikuzipeleka kwenye ngazi. Nilimwambia mama mwenye nyumba hivyo hivyo, tumekaa kwenye kidato cha tatu, na bibi anasikia kutoka sebuleni. Kilichofuata kilikuwa sauti ya bibi: "Kwa hiyo si macho." Nikamjibu, "Si macho, bibi. Na si kandambili."

Siku hiyo hiyo, kabla ya mengine yote, tulibandika utepe wa njano kwenye ncha ya kidato cha kwanza, cha pili, cha tisa, cha 10 na cha 18. Hautibu chochote. Unayarudisha macho ya mtu chini mahali penye hatari, basi.

Kurekebisha kulikuwa na njia tatu mezani. Kubomoa na kumwaga upya tulikuacha mapema: ingegusa slabu, ukuta, na wiki nyingi za familia kuhama. Njia ya pili, ambayo watu wengi huikimbilia, ni kurekebisha vile vinne tu: chonga hapa, ongeza pale. Haiwezekani. Ukiinua kidato cha kwanza kiwe 170, cha pili kinashuka hadi 124. Ngazi ni kama mnyororo, ukivuta pete moja unahamisha tatizo kwenye pete inayofuata. Ikabaki njia ya tatu: kung'oa granaiti yote, kuinua kila kidato hadi mahali kilipotakiwa kuwa, na kuirudisha.

Hapa hesabu ilitupa bahati ambayo sikuitegemea. Nilipopanga mahali kila kidato kilipo na mahali kinapotakiwa kuwepo, vyote vilikuwa chini ya mahali pake, hakuna hata kimoja kilichokuwa juu. Cha kwanza kilitaka kuongezwa milimita 48, cha pili 46, hivyo hivyo ikipungua mbili mbili hadi cha nane, 34. Landingi 18. Cha 10 kilitaka 30, ikishuka hadi 16 kwenye cha 17. Cha 18 ni sakafu yenyewe ya ghorofani, haikuguswa. Hakuna zege la kuchonga, hakuna nondo ya kukaribia.

Kuongeza saruji ni kuongeza uzito, na uzito hauongezwi kwa kukisia. Nilipiga hesabu: mpando wa kwanza kama kilo 230, wa pili 130, landingi kilo 100 na ushee. Karibu kilo 470 kwa ngazi nzima, tena za kudumu, hazishuki usiku kama wageni. Nikampelekea injinia wa nyumba. Swali lake la kwanza halikuwa la uzito, lilikuwa la kona. "Una picha ya nondo pale mpando unapokutana na landingi?"

Swali hilo linastahili kuelezwa, kwa sababu ni pale ambapo ngazi nyingi za zege hupasuka. Mpando ni bamba lililolala mshazari, na nondo zake kubwa zinakaa upande wa chini, ambako zege linavutwa. Mpando unaposhuka kutoka landingi au kuingia, upande wa chini unapata kona. Fundi nondo asiyeelekezwa anachukua nondo moja ndefu na kuikunja ifuate kona ile ya ndani, inapendeza macho. Ngazi ikibeba mzigo, nondo hiyo inavutwa, na nondo iliyovutwa inataka kunyooka kama kamba. Ikinyooka kwenye kona ya ndani inasukuma zege nje na kulibandua. Dawa yake ni kutokunja: nondo ya mpando inapita kona moja kwa moja hadi upande wa juu wa landingi na kushikwa huko, na ya landingi nayo inapita upande wake, zinakatana kama herufi X. Picha nilikuwa nazo, kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Nondo za milimita 12 kila sentimita 15, zimekatana. Injinia akachukua siku mbili na hesabu zake, akaturuhusu.

Nikamwita mzee. Sikumweleza kwenye simu, nilimwomba tu aje Goba. Alisimama chini ya ngazi akasoma namba za chaki, ambazo mtoto alikataa zifutwe, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hapa mimi nilipima jamvi." Hakuna aliyehitaji kuongeza neno. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, na patasi yake.

Kazi yenyewe ilikwenda siku 16. Mama mwenye nyumba alinunua vifaa, ufundi wangu na wa mzee haukulipwa. Watu walilala chini. Granaiti iling'olewa kwa kupenyeza patasi bapa kwenye udongo, taratibu, kutoka ncha kuelekea ndani, na tulivunja vipande vitano tu. Vile vya wima vya kidato cha kwanza, cha tisa, cha 10 na cha 18 ilibidi vikatwe vipya maana vimo vyake vilibadilika, vingine tulivipunguza milimita 2. Zege la zamani tulilichokoa nundunundu hadi kokoto zionekane, tukalipiga brashi, tukalimwagia maji tangu usiku ili lisinyonye maji ya saruji mpya, na asubuhi likapakwa uji mzito wa saruji kabla tu ya kumwaga. Mpando wa kwanza, wenye unene wa kutosha, tulitumia zege la kokoto ndogo, na wa pili mchanga na saruji tatu kwa moja. Magunia mabichi juu yake siku saba. Mzee hakuruhusu hata paka apite.

Kitu kimoja nusura kitupite. Reli ilikuwa imechomelewa kwa urefu wa milimita 900 kutoka kwenye ncha ya kidato. Ukiinua vidato, reli haipandi navyo. Chini kabisa ingebaki 852, juu 884, na mtu mrefu akiegemea angeona tofauti siku atakayopoteza mizani. Fundi wa kuchomelea akarudi, akakata nguzo na kuziunga upya. Alipokuwa pale tukaongeza pia nguzo nyembamba katikati ya zilizokuwepo, maana nafasi ilikuwa inapitisha kichwa cha mtoto mchanga. Kipimo chetu ni mpira wa sentimita 10: ukipita kati ya nguzo, nafasi ni kubwa.

Siku ya mwisho nililaza tena pima maji kuanzia chini. 170, 171, 170, 169, 170. Mtoto akaandika na chaki hadi 18. Mama akanunua ndoo ndogo ya rangi, yale madoa mawili yakafutika.

Bibi alifunguliwa POP wiki tatu baadaye. Nilipita kumsalimia, nikamkuta chumbani kwake ghorofani, hakuhamishwa. Alishuka nami hadi mlangoni akinisimulia habari ya harusi ya Tanga, mkono mmoja kwenye reli, mwingine unachora hewani kila alipofika penye utamu. Nilikuwa nyuma yake namtazama miguu. Kwenye landingi hakusita. Kwenye kidato cha mwisho hakukuwa na kishindo, aliingia sakafuni katikati ya sentensi.

Mzee na mimi tuko Kimara sasa, kwenye boma jingine. Kabla hajagusa mbao alinitaka niketi na mwenye nyumba tuamue sakafu zote: floo unene gani, kigae gani, jiwe gani la ngazi, hadi gundi. Ilichukua majadiliano ya siku nne na safari mbili dukani. Kisha akavuta mpira wa maji wa kupimia usawa na kuzungusha mstari mwekundu kwenye kuta za chini na za ghorofani, mita moja kamili juu ya sakafu ambayo bado haipo, na ngazi yote akaipima kutoka kwenye mistari hiyo miwili. Jamvi hakulitazama.

Juzi mwenye nyumba alikuja na shemeji yake, naye ni fundi. Shemeji akazunguka ngazi iliyofungwa mbao, akainama, akaweka futi kwenye kidato cha kwanza. "Mzee wangu, shikamoo. Hiki hapa sentimita 21. Wenzake 17. Umekikosea."

"Marahaba," mzee akajibu, akachukua msumari mwingine mdomoni, akaendelea kugonga.